Sakafu ya Mfipa na Ulimi wa Mtani Wake

Nilikuwa dukani nanunua mfuko wa saruji wa kuziba nyufa za kibaraza changu, muuzaji akaniuliza kama nimesikia kuwa yule fundi wa sakafu, Mfipa, amefariki huko Karema. Sikuwa nimesikia. Niliuacha mfuko pale pale nikarudi nyumbani, na tangu hapo nina uchungu ambao sijui niupeleke wapi, basi nauleta kwenu wasomaji wangu. Hakuwa ndugu yangu wala rafiki wa kutembeleana. Ni yeye aliyemwaga sakafu nyingi za mabanda ya magari mtaani kwetu Nsemulwa, enzi watu wa Mpanda walipoanza kujenga banda la gari kabla hata ya kupata gari lenyewe.

Alifanya kazi na Mnyamwezi mmoja, na mnajua wenyewe kuwa Mfipa na Mnyamwezi ni watani. Ukipita walipo, ulisikia matusi tu. "Babu yako alikuwa mpagazi, beba kokoto, mwiko niachie mimi," Mfipa alisema, na mwenzake akamjibu kuwa heri mpagazi kuliko mtu aliyekuzwa kwa ugali wa ulezi. Huku mikono haisimami: udongo wa moramu unashindiliwa, nailoni inatandikwa kuzuia unyevu, zege linamwagwa na kusawazishwa, kisha Mfipa anapiga magoti na kupiga niru ya saruji mpaka sakafu inang'aa. Akimaliza alimwomba mwenye nyumba aimwagilie maji na asiingize gari mpaka zege likomae. Sijaona tena watu wawili wakifanya kazi ngumu kwa furaha namna ile.

Kisha sakafu ya mfanyabiashara mmoja wa mpunga ikapasuka, kutoka mlangoni hadi ukutani. Mafundi wakaitwa, nasi majirani tukasogea, pamoja na wageni wa yule tajiri. Kabla Mfipa hajainama kuangalia ufa, mwenzake akasema, "Bosi, msamehe tu huyu. Alidhani anasonga ugali wa kwao." Wageni walicheka sana. Mtani akikutania huruhusiwi kununa. Mfipa aliokota mwiko wake akaondoka. Lakini wale wageni hawakuwa watani wake. Walikuwa watu wenye viwanja, na kicheko kile waliondoka nacho. Haukupita muda mji mzima ukawa unamwita fundi ugali. Kazi zikakauka, akahamia Karema kupiga lipu vibanda vya wavuvi. Nilimwuliza yule Mnyamwezi mbona hamfuati. "Ni mtani wangu yule," alisema. "Hasira za mtani haziendi mbali, atarudi tu."

Alirudi ndani ya jeneza. Kwa desturi, mtani ndiye anayechangamsha msiba: hujipaka majivu, humsema marehemu, huzuia jeneza mpaka apewe chochote, na wafiwa hucheka huku wanajifuta machozi. Tulimsubiri yule Mnyamwezi. Alisimama kando ya kaburi bila hata majivu usoni, mpaka shangazi wa marehemu akamwambia, "Mtani, vipi tena? Tuchekeshe basi, tumzike ndugu yako."

"Shangazi, ile sakafu haikupasuka kwa kosa la marehemu," alisema. "Bosi aliingiza lori na magunia zege likiwa bado bichi. Mimi nililiona. Nikaogopa kukosa kazi zake, nikaleta utani."

Shangazi alimjibu, "Hayo, baba, ungeyasema siku ile, mbele ya wale waliocheka."

Sina ugomvi na utani. Umetulea, na umezuia ngumi nyingi katika mkoa huu wa watu waliotoka kila upande. Ila fundi hana shamba jingine zaidi ya jina lake, na anayelichezea jina hilo mbele ya mwenye kazi anamnyima mwenzake chakula, hata kama wote wanacheka. Kama yupo uliyemchafulia jina hivyo, usingoje msiba wake ndipo umsafishe. Nenda leo, kwa wale wale waliocheka, ukaseme ukweli angali anaweza kuusikia.