Siku Mtafsiri wa Filamu Alipozima Maiki

Mliokulia vibanda umiza, vile vya kuonyeshea video mtaani, kaeni chini. Leo nimejua tulidanganywa utoto mzima.

Niko mtaa wa Gerezani, kwenye maduka ya spea, natafuta kioo cha pembeni cha gari. Muuza spea akafungua mdomo, nikaganda.

Sauti ile.

Ni anko aliyekuwa akitutafsiria filamu za Kihindi kwa maiki, kwenye kibanda cha mtaani kwetu.

Nikamwamkia, kisha nikamuuliza kitu nilichokaa nacho miaka yote. Kuna filamu moja, ya kawaida tu, mama kafiwa na mwanawe. Ilipofika pale anapokunja shati la marehemu huku midomo inamtetemeka, anko alizima maiki. Kibanda kizima kimya, hata watafuna karanga.

"Anko, yule mama alisema nini pale?"

Akacheka. "Sijui. Kihindi sijui hata neno moja. Zote zile nilikuwa natunga."

Jamani. Zote. Na mimi nilivyokuwa nabishana shuleni kwa maneno yake.

"Sasa pale mbona ulinyamaza?"

Akafuta vumbi kwenye kioo nilichokuja kununua, taratibu.

"Yule mama alikuwa anaigiza vizuri mno. Nikaona aibu kumtungia."