Sindano ya Kiini cha Yai

Saa moja na nusu asubuhi, kijijini Kashozi, mwaka 1993. Muhidini Shaban anavunja yai, anauacha ute udondoke, kisha anakiviringisha kiini juu ya kitambaa safi. Ni cha kumi na nne leo. Anakitoboa, anakikoroga na maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, anachuja, anatia penisilini kidogo.

Mwenye banda, Kezia Rutashobya, amesimama mlangoni, kashika tama. Vifaranga wake wa wiki tano walikuwa mia tatu. Tangu Jumamosi amefukia sabini na wawili.

"Waitu, bwana wangu, yai litamponyaje kuku?"

"Matetea waliotaga haya waliugua gumboro hii hii inayoua vifaranga wako, wakapona," anajibu Muhidini. "Miili yao ilijifunza kupigana nayo. Kuku humwekea mwanawe kinga hiyo ndani ya kiini. Sisi tunaiazima."

Anawachoma mmoja mmoja kwenye nyama ya kifua.

Muhidini, 44, ni msaidizi wa mifugo mjini Bukoba. Alipata kazi hiyo mwaka 1980, aliporudi kutoka vitani Uganda. Nyumbani kwake wanakula watu kumi na mmoja. Saba kati yao ni watoto wa kaka zake wawili, marehemu.

Utaalamu huu alifundishwa na daktari wa mifugo miaka miwili iliyopita, gumboro ilipofagia mabanda.

"Si muujiza," anasema. "Aliyekwisha kulala chali haamki. Lakini wanaojikunyata, ukiwahi, wengi hubaki."

Sifa zikavuka maji. Mwaka jana Mayunga, mvuvi wa kisiwa cha Goziba, alibisha hodi kwake na mkewe, Minza, aliyejifunika khanga mbili juani akitetemeka.

"Nasikia una sindano ya kinga," alisema. "Mchome mke wangu."

Muhidini akamweleza kuwa ile ni ya kuku, na kwamba mtu inaweza kumuua. Mayunga akatua furushi la dagaa miguuni pake.

"Kuku wana dawa, watu hawana?"

"Nami nilikuwa nimejiuliza hivyo hivyo," anakumbuka Muhidini. "Kaka zangu waliondoka kwa Ukimwi ule ule. Ningekuwa na cha kuchoma, ningewachoma wao kwanza."

Hakuchoma. Kesho yake aliomba ruhusa kazini, akawasindikiza kwa lori hadi hospitali ya Rubya. Minza aliishi wiki sita.

Baada ya arobaini Mayunga alirudi, peke yake.

"Alikuja kunishukuru kwamba sikumdanganya. Kabla yangu, wanne walikuwa wamemuuzia dawa."

Siku ya nne baada ya sindano, vifaranga 209 wa Kezia wanadonoa pumba. Muhidini anawahesabu mara mbili, anafunga mkoba.

Ana safari. Mayunga ameacha nyavu mikononi mwa mdogo wake, ameanza kufuga, na juzi alituma ujumbe: vifaranga wake arobaini wameanza kuharisha maji meupe. Muhidini atabeba mayai mazima ndani ya pumba za mpunga, akayavunjie huko huko.

"Boti inaondoka Alhamisi," anasema. "Safari hii nina cha kumpa."