Adhuhuri Niliyoikata

Namshukuru Mwenyezi Mungu, aliyenipa macho kisha akayapunguza kidogo kidogo bila kuniondolea mikono, na aliyenifundisha subira kabla sijajua nitaihitaji kwa kazi gani. Rehema na amani zimfikie Mtume wake. Baada ya hayo, naanza.

Gari letu ni stesheni wagoni ya zamani, lile refu lenye viti vya safu tatu, nililolinunua nilipokuwa karani mjini. Lilikaa juu ya mawe miaka mingi nyuma ya nyumba yetu hapa Majengo, kuku wakitagia kiti cha nyuma. Mke wangu alipougua figo, akaanza kwenda hospitali mara mbili kwa wiki, nilimwona anavyorudi akishika ukuta kutoka stendi hadi mlangoni, akipumzika kila baada ya nyumba mbili. Hakulalamika. Nikaanza kulifufua gari.

Ilinichukua karibu miaka miwili. Kutu niliitoa kwa msasa na brashi ya waya. Sakafu iliyooza nilimpa fundi wa soko la Gikomba aichomelee bati jipya. Daktari alikuwa amenikataza kuendesha kwa ajili ya mtoto wa jicho, lakini nati haihitaji macho; kidole kinajua chenyewe kama imekaa sawa au imekwenda upande.

Kilichopanga kazi yangu kilikuwa udhu. Grisi huzuia maji yasifike kwenye ngozi, na maji yasipofika, udhu haujatimia. Kwa hiyo kila swala ilipokaribia niliweka spana chini, nikachota unga wa mbao na sabuni, nikajisugua hadi chini ya kucha. Ilikuwa kazi ya robo saa. Jirani yangu, Mkristo aliyetoka magharibi ya nchi, dereva mstaafu wa malori ambaye tumeishi naye ukuta kwa ukuta miaka thelathini, alikuwa akiketi kwenye kigoda kunitazama. Yeye ndiye aliyekubali kutuendeshea gari litakapopona.

"Sheikh, hiyo mikono unaosha ama unachuna?"

"Naosha."

"Kwa mwendo huu gari itatoka hapa siku ya kiyama."

"Basi uwe tayari. Siku hiyo watu watahitaji usafiri."

Safari ya kwanza ikawa Jumanne. Mke wangu alitakiwa hospitalini saa nane. Asubuhi ile niligundua breki ya gurudumu la nyuma la kushoto inashika, nikaliinua gari kwa jeki, nikalivua gurudumu, nikailegeza breki, nikalirudisha. Anayeijua kazi hii anajua kwamba gurudumu likiwa hewani nati huzungushwa kwa vidole tu. Hukazwa kwa spana gari likishatua chini. Nilizungusha zote nne kwa vidole. Hapo adhana ikatoka. Nilikuwa nimechelewa, na grisi ilikuwa imenifika viwikoni. Nikashusha jeki, nikabandika kifuniko cha gurudumu ili gari limpendeze mke wangu, nikakimbilia maji.

"Usitungoje," mke wangu alisema kutoka ndani. "Nikimaliza kuvaa tunaondoka."

"Nendeni salama."

Msikitini nilisimama safu ya kwanza, nyuma ya imamu, mahali ambapo watu huniachia kwa ajili ya mvi zangu, na kwa kuwa wengi wao niliwasomesha Kurani. Katika rakaa ya pili, nikiwa nimeinama kwenye rukuu, likanijia: zile nati hukuzikaza.

Tulifundishwa tangu chuo cha Kurani kwamba shetani humwendea mtu katika swala akamkumbusha hiki na kile, mbuzi aliyepotea, ufunguo uliosahauliwa. Nami nimewafundisha watoto vivyo hivyo, kwamba wasimsikilize. Nikajikinga kwa Mungu, nikaenda sijda. Tukakaa tahiyatu, likarudi. Nikajiambia ni wasiwasi. Tukainuka rakaa ya tatu. Vidole vyangu, nilivyovifunga chini ya kifua, vikakumbuka vyenyewe jinsi nati ya mwisho ilivyozunguka kwa wepesi, na nikaiona spana ilipobaki, juu ya tofali. Shetani hana haja ya kumwonyesha mtu spana yake iko wapi. Nilijua wakati huohuo kwamba huu si wasiwasi. Niliijua na hukumu yake, maana nimeisomesha: mwenye kuswali akijua roho ya mtu iko hatarini naye aweza kuiokoa, huikata swala, na kuikata ni wajibu juu yake.

Hata hivyo nilirukuu. Nikasujudu mara mbili. Nikainuka rakaa ya nne pamoja na wenzangu.

Ndipo nikageuka. Nikapita kati ya mabega ya watu, safu baada ya safu, macho yao yakiwa chini na masikio yao kwangu. Mmoja alikohoa. Sikutafuta viatu.

Nilikimbia kadiri mzee anavyoweza kukimbia. Nilikanyaga maji ya muuza samaki na maganda ya miwa. "Mzee, kuna nini?" wachuuzi waliniuliza, nikawapita. Nyuma ya nyumba gari halikuwapo. Nikaichukua spana juu ya tofali, nikafuata uchochoro. Pale njia yetu inapotokea barabarani nililiona limesimama, gurudumu la nyuma limeinama nje kama jino lililolegea. Jirani yangu alikuwa amepiga magoti kando yake. Hatua tatu mbele yake malori ya Gikomba yalikuwa yakipita bila kupunguza mwendo.

Nati mbili zilikuwa zimefunguka zikaanguka ndani ya kifuniko. Mbili zilizobaki zilishikilia kwa ncha.

"Nilisikia inagonga," alisema bila kugeuka. "Lori imenifundisha. Kitu ikigonga, simama kwanza, maswali baadaye." Kisha akaiona miguu yangu. "Viatu?"

"Msikitini."

"Kwani mmemaliza?"

"Hatujamaliza."

Akanyoosha mkono. "Lete spana, Sheikh."

Mke wangu alikuwa ameketi kiti cha katikati, mfuko wa karatasi za hospitali mapajani. Alinitazama tangu nilipoinama hadi nilipoinuka. Tuliliinua gari kwa jeki iliyokuwa ndani yake, tukazirudisha nati zilizoanguka, tukazikaza zote, nikalizunguka gari na kuyajaribu magurudumu yote, wakaondoka. Nilirudi nyumbani, nikajisugua upya, nikaswali adhuhuri peke yangu. Watu wa msikitini walipopita kuniletea viatu na kuuliza, niliwaambia tumbo lilinikata ghafla. Wakaniombea shifaa.

Asubuhi ya pili yake, mke wangu alikuwa akinywa chai yake, ile nusu kikombe anayoruhusiwa.

"Ulikumbuka lini?" akaniuliza.

"Rakaa ya pili."

"Ukatoka lini?"

Ningeweza kusema sikumbuki. Simwoni vizuri, lakini nilijua ananitazama.

"Ya nne."

Akakishusha kikombe. "Hapo katikati, ulikuwa ukimwogopa Mungu ama watu wa safu ya mbele?"

Nimekaa mbele ya masheikh wengi tangu utoto, nikaulizwa mengi. Hakuna swali lililonikalia muda mrefu kama hilo.

"Watu," nikasema.

"Haya," akasema. "Na tumbo, limepona?"

Adhuhuri ya siku hiyo, imamu alipotoa salamu, niliomba ruhusa nikasimama. Niliwaeleza watu kwamba sikuumwa tumbo, nikawaeleza niliyoyafanya rakaa kwa rakaa. Mzee mmoja alinivuta kanzu. "Keti, ndugu yangu. Aibu ya mtu husitiriwa."

"Humu kuna watu niliowafundisha nusu tu ya mlango huu wa elimu," nilimwambia. "Niliwafundisha shetani anavyokuja. Sikuwafundisha kumtofautisha na dhamiri."

Nikawafundisha nusu ya pili pale pale, nimesimama. Mke wangu yu hai hadi ninapoandika, kwa rehema za Mola wake, si kwa wepesi wa miguu yangu.

Nawe uliyesoma hadi hapa, Mungu akujalie nyumbani kwako mtu wa kukuuliza swali la kweli, na akupe ulimi wa kumjibu kweli. Awalinde unaowapenda wakiwa njiani, hata saa ile umeghafilika nao. Amin.