Mama Anataka Nimtupie Udongo Kabla Sijapanda Meli

Msomaji huyu wa Eldoret ametuomba tulifiche jina lake na la shamba analoishi. Msomeni kwanza, kukasirika baadaye.

Mimi ni kijana wa miaka ishirini na moja, kifungua mimba, bado sijaoa. Kwetu ni magharibi, lakini nimekulia kwenye shamba la mzungu upande wa Soy, ambako wazazi wangu walikuja kulima mahindi. Baba alishafariki. Nimebaki na Mama, na Mama ana kifua kibaya.

Mwaka huu nimepata nafasi mbili za chuo. Kampala wananipa ualimu. Bombay, kule India, wananipa ninachokililia, uhandisi wa barabara na madaraja. Wenzangu wanapima chuo kwa sifa zake. Mimi napima kwa jambo moja tu: nikiletewa telegramu kwamba Mama ametutoka, nitafika kabla hajafukiwa? Kutoka Kampala treni inaniteremsha hapa Eldoret. Kutoka Bombay ni meli hadi Mombasa, kisha treni, na nitakuta majani yameota juu ya kaburi.

Msinicheke. Kwetu udongo wa kwanza hutupwa na kifungua mimba. Baba alipofariki nilikuwa shule ya bweni. Telegramu ilinifikia mapema, na treni haikuchelewa. Kilichonimaliza ni matope ya kutoka mjini hadi Soy. Lori la mahindi nililodandia lilikwama, nikateremka nikatembea, viatu mkononi. Mzungu alikuwa ametoa ruhusa ya siku moja tu ya mazishi, kwa hiyo hawakuningoja. Baba mdogo alitupa udongo badala yangu. Nilikuta majembe yameshaoshwa. Tangu siku hiyo nataka kujenga barabara, na tangu siku hiyo hiyo naogopa kwenda mbali.

Jumapili, tukitoka kanisani, nilimwambia Mama nimechagua Kampala. Nilidhani atafurahi.

"Kwani ualimu umeanza kutaka lini?" akaniuliza.

"Si ni karibu, Mama. Ukiniita nakuja."

"Baba yako alipokufa ulikuwa karibu kuliko Kampala. Ulifika?"

Maneno hayo yaliniuma sana, na Mama alijua yataniuma. Akanishika mkono hadi nyuma ya nyumba, penye kaburi la Baba, akaokota bonge la udongo mwekundu akaniwekea kiganjani.

"Nitupie sasa, nikiona," alisema. "Halafu uende hiyo India yako na roho safi. Siku yangu ikifika, hao wengine watamalizia."

Baba mdogo aliposikia alifoka kwamba kumtupia udongo mtu aliye hai ni kumwitia kifo, na nikithubutu nisimwite tena baba. Mama naye ameapa kwamba nikipanda treni ya Kampala kwa ajili yake, hatakuja stesheni kuniaga.

Sikuutupa udongo ule, na kuurudisha pia nilishindwa. Uko kwenye kikombe cha bati, dirishani. Kila asubuhi Mama akiwasha moto anakitazama kikombe, anakohoa, kisha ananitazama mimi. Vyuo vyote viwili vinataka jibu kabla mwezi haujaisha.

Ninyi mliowazika wazazi wenu kwa mikono yenu, na ninyi mliochelewa kama mimi, nishaurini. Niutupe?