Somo la Tishu Ukweni Mbaha

Nimeaibika mara nyingi maishani, lakini aibu ya ukweni Mbaha ni ya peke yake, hata leo nikiikumbuka njiani najikuta nimeongeza mwendo kama mtu anayefukuzwa.

Mwaka huo wanunuzi binafsi walikuwa wameanza kupanda kwetu Litembo kutafuta kahawa, na mimi nilikuwa mwaka wa kwanza chuo cha uganga, najiona daktari tayari. Tukateremka hadi Mbaha, ziwani, kumposa Editha, msichana niliyempenda, mimi na baba yangu mdogo, aliyekuwa mshenga. Njia nzima alinionya, "Ukifika, salamu, chakula, kimya. Maneno ni yangu." Nikaitikia. (Tatizo langu ni kwamba nikiogopa siwezi kutulia, mguu unacheza, vidole vinatafuta cha kushika, na mdomo nao unajiendea.)

Tukaletewa ugali wa muhogo na bakuli la kuku. Baba yake Editha, tangu alipoitikia shikamoo yangu, hakuwa amesema neno. Ule ukimya ukawa unaniwasha. Ndipo shangazi yake Editha akaniuliza, kwa wema tu, "Mwanangu, huko chuoni mnasoma nini?"

Ningejibu "mwili wa binadamu" yangeishia hapo. Nikasema, "Tishu, shangazi."

"Ndiyo nini hiyo?"

Basi nikaingiza mkono bakulini. Nikainua ngozi, nikasema hii ni tishu ya kufunika, inakinga vilivyo ndani. Nikavuta kano ya paja, hii inaunganisha, inashika msuli kwenye mfupa (mchuzi ukaruka hadi kwenye suti mpya ya Kaunda ya mwenye nyumba, nikajifanya sijaona). Baba mdogo akanikanyaga mguu, nami kwa wasiwasi nikazidisha kasi, nikaokota firigisi. "Hii ni misuli mitupu, kazi yake kujikaza na kulegea, ndiyo inayosaga mahindi ya kuku," na kwa kuwa sikujua niiweke wapi, nikaitia mdomoni.

Nikatafuna. Watu wote wakaacha kula.

Firigisi ni ya baba mwenye nyumba, hata mtoto mdogo anajua. Nikataka kuitema, nikaona hiyo ni mbaya zaidi, nikameza nzimanzima, machozi yakanitoka. Mzee akanawa mikono, akatoka nje.

Shangazi akauliza taratibu, "Na zile zinazopeleka habari kichwani?"

"Tishu za neva, shangazi."

"Zako zimechelewa, mwanangu."

Posa haikupokelewa siku hiyo. Tulipanda mlima kurudi, baba mdogo mbele, mimi nyuma. Mwezi mzima sikulala vizuri, nikimuwazia Editha. Kisha tukarudi na jogoo wawili, nikaomba radhi nikiwa nimepiga magoti, mzee akaniacha hapo muda mrefu kabla ya kusema, "Inuka, ule."

Editha ni mke wangu sasa. Ila ukweni nakula ninachopakuliwa, mikono yangu naikalia, na mtu akiniuliza habari za mwili, hata kama ni jino tu linamuuma, namwambia aende zahanati.