Koti la Babu Tarumbeta

Bibi yangu akikasirika hapigi kelele. Anakanyaga cherehani. Ukisikia sindano inakimbia kama inafukuzwa, usiingie kuomba kitu, hata maji.

Siku ile alianza kwa utulivu. Alikuwa anafumua koti la kaka yake, ambaye mtaa mzima tunamwita Babu Tarumbeta. Ujanani babu huyu alikuwa na bendi ya soul na fanki. Walitoa santuri moja tu, haikununuliwa, ikasahaulika. Sasa muuza santuri mmoja kaiokota kwenye rundo la vyombo vibovu, kaipenda, anaitoa upya. Kutakuwa na sherehe, na koti la enzi zile limegoma kukutana tumboni.

Mimi na udadisi wangu nikamwomba Babu, aliyekaa akingoja koti lake, atusikilizishe wimbo wao. Akaweka simu mezani, kati ya chaki na futi. Ngoma, besi, gitaa linalokwaruza. Halafu sauti ya msichana ikaingia kabla ya tarumbeta, kama mtu anayefungua mlango bila hodi. Nywele zilinisimama. Sauti ile naijua! Inaimba humu kila siku uzi ukitungwa.

"Bibi, ni wewe?"

Bibi akauma uzi, akaukata.

"Hapo aliingia mapema," Babu akacheka. "Nikamkata jicho, wapi! Na utepe wa kurekodia ulikuwa unakwisha, hatukuweza kurudia. Sasa muuza santuri anasema hapo ndipo penye utamu wote."

"Anamsifu nani?" Bibi akauliza.

Babu akakohoa. Nikaivuta simu, nikatazama picha ya jalada jipya. Wanaume watano na majina yao yote. Chini kabisa, kwa herufi kama sisimizi: mwimbaji hajulikani.

Hajulikani! Yuko hapa, na pini mdomoni! Damu ilinichemka mpaka masikioni.

"Mdogo wangu, nilikusitiri," Babu akasema. "Baba hakutaka uimbe. Nilitunza heshima yako."

"Baba tulimzika hatujaota hata mvi. Hiyo heshima unamtunzia nani mpaka leo?"

"Yameshapita hayo."

"Kwako. Jina lako lipo."

"Majalada yanachapwa kesho! Nitaonekanaje nikibadilisha maneno leo?"

"Utaonekana bila koti." Akalikunja, mkono mmoja ukining'inia kwa nyuzi mbili, akalikalia.

Babu akanigeukia. "Mjukuu wangu, hebu sema na bibi yako."

"Mimi? Mimi sijulikani, babu."

Babu akampigia simu muuza santuri, akaiweka kwenye spika. Alipaza sauti ya kuchangamka, ya uongo. "Kuhusu yule mwimbaji... ni dada yangu."

"Eh! Kumbe yuko hai?" muuza santuri akashangaa.

"Yuko hai," Bibi akajibu kwa mbali, "na amekalia koti."

"Jina lake nani, mzee?"

Babu akaliangalia koti. Bibi akamtazama juu ya miwani. Ndipo Babu akalitamka, jina la dada yake na la baba yao, kama anayetema mfupa. Muuza santuri akamwomba arudie, aliandike vizuri. Akarudia.

Nilidhani Bibi atatabasamu. Thubutu! Aliinuka, akalikung'uta koti, akalipachika ukutani, mkono bado unaning'inia.

"Si ulishone basi," Babu akanung'unika.

"Jalada likichapwa, niletee nilisome. Nitashona nikimaliza kusoma."

Akarudi kwenye gauni la mteja. Sindano ikaanza kukimbia. Mimi na Babu tukatoka nje haraka, bila kuaga.