Mafungo Yaliyomnyamazisha Mwimbaji

Kwenye foleni ya benki mjini Thika, jamaa mmoja mwenye kitambi kama changu alimpisha mama mmoja mzee: "Pita mbele, mwalimu."

Mwalimu akamkazia macho. "Si wewe ndiye ulikuwa unaongoza kwaya yangu? Bado unaimba?"

"Niliacha, mwalimu. Baada ya kugraduate tulienda mafungo ya kanisa, mhubiri akasema tuachane na utoto."

"Kwani kuimba ni utoto? Haiya! Hebu."

Akainua mkono, akampa sauti ya kuanzia. Foleni nzima ikangoja. Jamaa akafungua mdomo, machozi yakamlengalenga, akaufunga.

"Next!" karani akaita.

Mimi huimba vibaya kila siku, na majirani zangu Ruiru wamechoka. Laiti mhubiri huyo angekutana na mimi kwanza.